Kopo Lenye Kifuniko Chekundu

...haimo, chini ya bakuli za plastiki haimo, kwenye taulo haimo, ndani ya mfuko wa vitunguu majani ambao ameshaupekua mara mbili nako haimo, na Chizuru alikuwa amechuchumaa kando ya mafiga, moshi unamwingia machoni, upawa mkono mmoja, mkono wa pili umezama hadi kiwiko ndani ya kikapu, anagusa kitu pale ilipotakiwa kuwepo chupa ya sosi ya soya, kitu cha mviringo, kizito, cha baridi, na vidole vyake vilikuwa vimeshajua ni nini kabla hajakitoa, akakitoa hivyo hivyo, kopo lenye kifuniko chekundu, kopo la miso la mama yake, kile kinyunya cha soya zilizochachushwa kinachotiwa kwenye supu, kopo lile linalokaa nyuma kabisa ya friji, nyuma ya mayai, ambapo hakuna mtu mwingine wa nyumba ile anayefikisha mkono... kusahau kungekuwa na nafuu, mtu husahau chupa akaenda zake kununua nyingine, lakini yeye hakusahau, yeye alifungua friji asubuhi hii, akachagua, akabeba, akafunga kwa kitambaa na fundo juu, miaka ishirini na saba anapika mchuzi wa magimbi kwenye ukingo wa mto huu huu, kila Oktoba, nyama ya ng'ombe na sosi ya soya kama wanavyopika watu wa Yamagata, na leo mkono umekwenda ukachukua miso kama vile bado ni msichana wa Sakata, kule kwao alikozaliwa, anatumwa na mama yake, na nyama ya ng'ombe imeshaingia, magimbi yanagongana ndani ya sufuria, povu linapanda, na mchuzi ni maji matupu. "Chizuru, umeshatia?" hiyo ilikuwa sauti ya mama mkwe wake, Tomie, kutoka kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini, miaka themanini na moja na masikio yanayosikia povu likibadilika. "Bado, mama," alisema Chizuru, "kidogo tu," na akalirudisha kopo kikapuni haraka.

Kidogo tu, maneno ya kila siku hayo, kidogo tu nakuja, kidogo tu namaliza, jana kutwa nzima alikuwa anasema kidogo tu, saa mbili asubuhi yuko kwenye foleni ya supamaketi kuazima sufuria hii, maana wanaazimisha bure ukinunua nyama kwao, sufuria na kuni na turubai, mradi uirudishe Jumapili imesuguliwa, kisha duka la dawa kuchukua vidonge vya presha vya Tomie, kisha kwa dobi na mablanketi mazito kwa sababu baridi iko mlangoni, kisha posta, kisha nyumbani kumenya magimbi kilo nne, na magimbi yanawasha hata ukivaa glavu, utomvu unapenya, mpaka sasa anajikuna viganja, na wakati anamenya Kozo mume wake alikuwa nje anaosha gari, akiimbaimba, gari ambalo leo limebeba sufuria na limeshapata matope yale yale... alikwenda pale nje, ndiyo, alikwenda na glavu zake mikononi akasimama karibu na ndoo akasema, Baba Natsumi, na Kozo akasema, enhe, umeona lile taulo la zamani, naye akaenda kutafuta taulo, hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Mara ya pili ilikuwa mezani wakati wa chakula, Tomie alipokwenda kuoga, akasema, Masaki alipiga simu jana, na Kozo akasema, hajambo, naye akasema, hajambo, na neno lile likaisha hapo, likafa kama kiberiti chenye unyevu, kwa sababu Kozo alikuwa ameshaanza kuhesabu watu, kina Onodera sita, sisi wanne, hapana watatu, Natsumi haji, amesema ana kazi Sendai, tusizidishe nyama. Mara ya tatu Kozo alikuwa anakata kucha za miguu juu ya gazeti, na Chizuru alimtazama akikunja gazeti lile vizuri, asiangushe hata ukucha mmoja, mtu mwema, hajawahi kumpigia kelele, akashindwa, hakujua ameshindwa na nini, akasema, nakwenda kulala, nimechoka. Umechoka na nini, aliuliza Kozo, na hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Mama ameanguka tena, dada, ndivyo Masaki alivyosema Ijumaa, mdogo wake wa mwisho, yuko Niigata na zamu zake za kiwandani na watoto wawili wa shule, ameanguka bafuni, dada, safari hii alikaa chini pale pale mpaka jirani alipoleta waraka wa mtaa akasikia anaita, hajavunjika, lakini dada, haiwezekani tena, na kuna nafasi moja kwenye nyumba ya wazee kule karibu na stesheni, moja tu, wanataka jibu Jumapili kabla ya saa kumi na moja jioni, baada ya hapo wanampa mwingine, kwa hiyo ama wewe uje ukae naye, hata msimu huu wa theluji tu, tuone, ama mimi nitie sahihi. Na mama mwenyewe anasemaje? Ukasikika ule mlio wa mashine nyuma ya Masaki. Mama anasema mwulizeni Chizuru. Hivyo tu? Hivyo tu... mwulizeni Chizuru, mama yake ambaye hajawahi kumwomba kitu tangu siku alipoolewa, ambaye siku ya harusi alimwambia huko unakokwenda kuna watu, kawe mtu wao, na kweli akawa mtu wao, akawa hivyo mpaka akajisahau, na Jumapili yenyewe ndiyo leo, saa hizi ni saa tano na nusu, jua lile la Oktoba ambalo lina mwanga lakini halina joto, milima imeshika wekundu, mto umepungua, na ukingo mzima una moshi, familia kwa familia, labda mioto arobaini, na kwenye kila moto kuna chupa ya sosi ya soya. Hatua kumi tu. Wale vijana wa chuo pale wanayo ya lita mbili, imesimama juu ya jiwe. Anyanyuke, ainame kidogo, aseme samahani, mnaweza kutuazima kidogo, na watampa, nani atamnyima, na hakuna atakayejua, hilo ndilo la kufanya, mbona hanyanyuki, magoti yamekataa, magoti yanasema tumekaa, tuache.

"Shemeji," ilikuwa sauti ya Onodera kutoka kwenye turubai la bluu, jirani yao, mwenyekiti wa mtaa, kopo la bia mkononi na uso umeshaiva, "mwaka huu umetuletea nguruwe?" na turubai zima likacheka, Kozo naye akacheka, na Chizuru akasikia kicheko chake mwenyewe kikitoka kooni kwa wakati wake kama kawaida, maana huo ni utani wa kila mwaka, wa tangu mwaka ule wa kwanza, alipokuwa na miaka ishirini na mitano, mkwe mpya, hajui, akaulizwa kwenu mnapikaje akajibu kwa furaha, kwetu tunatia nyama ya nguruwe na miso, mama yangu anatengeneza miso mwenyewe, na Tomie, aliyekuwa na nguvu zake enzi hizo, akasema bila hata kuinua macho, hiyo basi ni supu ya nguruwe, mchuzi wa magimbi ndio huu hapa, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, naye akacheka, afanye nini, na tangu hapo amecheka Oktoba ishirini na saba, na leo, akiwa amechuchumaa pale, jambo lililomchosha kuliko kilo nne za magimbi, kuliko foleni, kuliko kuni mbichi, lilikuwa kile kicheko... wakati hilo kopo la nguruwe liko hapa kikapuni, Bwana Onodera, umepatia, mwaka huu limekuja. Akaliwazia. Akawaza anafungua kifuniko chekundu anachota kijiko kikubwa anakikoroga chote ndani ya nyama yao ya ng'ombe, mchuzi unageuka mzito, rangi ya udongo, kisha anawagawia bakuli kwa bakuli bila kusema neno, karibuni, na wanyamaze, wote, mara moja, wanyamaze wakiwa na midomo imejaa. Ilikuwa tamu kuwaza hivyo. Mkono wake ukaingia tena kikapuni ukalitoa kopo, ukaliweka gotini, na kifuniko kilikuwa kimeshalegea alipogundua kwamba Tomie anamtazama.

"Hilo ni la Sakata," alisema Tomie. Alisema kwa sauti ndogo, isiyofika kwenye turubai. Chizuru akafungua mdomo aseme nimekosea, mama, mkono umeteleza, samahani, hayo maneno yako tayari siku zote, yanakaa mbele ya meno, lakini mama mkwe alikuwa anaendelea, huku analivuta blanketi, "nilidhani lilikwisha. Maana kila vuli huja jipya, lakini mwaka jana halikuja, na mwaka huu halikuja. Nilikuwa nakaa nasikiliza, yule mtu wa vifurushi akipita, nasema leo, kumbe siyo." Kuni zikapasuka. "Ile supu yako ya alfajiri," alisema Tomie, "unayojipikia peke yako kabla hatujaamka. Unadhani mtu hasikii harufu. Nilikuwa naingia jikoni ukishatoka kwenda kazini, nanywa iliyobaki. Mama yako mkono wake mzuri," na akageuza uso kuelekea mtoni kama mtu aliyesema habari za hali ya hewa, na Chizuru alibaki na kopo gotini... mwaka jana halikuja. Halikuja? Subiri, mwaka jana, Oktoba ya mwaka jana, kifurushi kilikuja, mchele mpya ulikuja, persimoni, yale matunda ya vuli, zilikuja, zile za kukausha, kila moja na kikonyo chake kwa ajili ya kamba, alizimenya akazitundika barazani, na kopo... hapana, kopo halikuwemo, alipiga simu akasema ahsante mama kwa mchele, mama akasema mchele mwaka huu umekuwa mzuri, na hakuna kati yao aliyetaja miso, mama hakutaja kwa sababu yake, na yeye hakutaja kwa sababu hakuona. Hakuona. Akageuza kopo. Juu ya kifuniko kuna kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa gundi ya plastiki, mwandiko wa mama yake, ule mwandiko unaoegemea upande mmoja kama mtu aliyebeba ndoo, Chizuru, na chini yake, Februari, na mwaka, na mwaka wenyewe ni mwaka juzi.

Februari ya mwaka juzi, na yeye amekuwa akichota kijiko kimoja kimoja, kila siku kidogo kuliko jana, akibana, akikwangua pembeni, bila kujiuliza anabana kwa nini, mkono unabana na kichwa kiko kwenye vidonge vya presha na ada ya mtaa na mablanketi, na mama yake mkwe, ambaye alimcheka mbele ya watu, ndiye aliyekaa kiti cha mlangoni akilingojea kopo la mama yake miaka miwili na kujua kwamba halikuja... kulikuwa na pipa la mbao kwenye stoo ya Sakata, refu kufika kiunoni kwake alipokuwa mtoto, Februari theluji imefunika dirisha, soya zinachemka tangu asubuhi nyumba nzima inanukia, mama anaziponda zikiwa bado zina moto, anatia chumvi, anatia ule mchele uliooteshwa ukungu wa kuchachusha, anafinyanga matonge anayapiga ndani ya pipa, pa, pa, pasiingie hewa, na Chizuru mdogo anaruhusiwa kupiga matatu tu, halafu kifuniko, halafu jiwe. Lile jiwe. Jiwe la kukandamizia, la mtoni, la duara, mama alikuwa analikumbatia tumboni kama mtoto mchanga, analiinua kwa pumzi moja, hoo, analiweka, anasema hapo sasa, wewe lala, tuonane vuli. Hawezi tena kuliinua. Ndiyo habari yenyewe. Hakuwa na haja ya Masaki kupiga simu, hakuwa na haja ya bafuni, habari ilikuwa imeshaletwa, ilikuja na mtu wa vifurushi mwaka jana ikiwa imefungwa vizuri ndani ya sanduku la mchele, nafasi tupu ya ukubwa wa kopo, mama alikuwa amejaribu kuliinua lile jiwe siku moja ya Februari akashindwa, peke yake kule stoo, akaketi labda, akazima taa, akafunga mlango, na asimwambie mtu, na soya labda zilikuwa zimeshachemka. Zilikwenda wapi zile soya, alizila nani. Na Chizuru akashika mdomo kwa kiganja kile kinachowasha, na machozi yakaja, na kwa bahati kulikuwa na moshi, kwenye moshi kila mtu analia.

"Mama Natsumi," Kozo aliita kutoka kwenye turubai, "huku watu wana njaa bwana, magimbi yatayeyuka hayo," na hata hakuwa amekosea, yalikuwa yanakaribia, alipoyachoma kwa ncha ya kijiti yaliingilika, na Chizuru akapangusa macho kwa mkono wa sweta akafungua kifuniko chekundu, akatia kidole, akakilamba. Chumvi kwanza. Kisha ule utamu wa nyuma, wa polepole, unaokuja ukishameza, harufu ya stoo na theluji na mbao, yote, miaka miwili imekaa ikazidi kuwa nyeusi na bado ni ile ile. Akatazama ndani. Kimebaki kiasi gani? Kiasi cha ngumi mbili. Kuwagawia watu tisa hakingetosha hata kubadilisha rangi, ingekuwa kukipoteza, na ule utamu wa kuwakomoa ambao dakika tatu zilizopita ulimjaa mdomoni ulikuwa umekwisha, hakujua ulikokwenda, hakuwa na hasira na Onodera, hakuwa na hasira hata na Tomie, alikuwa amechoka vile vile, mgongo ule ule, magoti yale yale, ila uchovu ulikuwa umepata jina na mahali pa kwenda. Ngumi mbili zinatosha sufuria moja ndogo. Sufuria ya watu wawili. Na nyama ya nguruwe, robo kilo, inauzwa pale pale karibu na stendi ya Sakata ukishuka kwenye basi, na magimbi mama hakosi, ana mistari miwili nyuma ya nyumba, ikiwa yameweza kuchimbwa, na kama hayajachimbwa atayachimba yeye, na mama atakaa jikoni na kuonja miso yake mwenyewe ya mwaka juzi na kusema imekuwa kali kidogo, lazima atasema hivyo, hajawahi kuisifu, na baada ya hapo theluji itaanguka, mlima Gassan, ulio kati ya hapa na Sakata, utafunga njia zake, na Chizuru atakuwa upande wa kule. Basi la kwanza la kesho ni saa moja na nusu. Kazini atasema. Vidonge vya Tomie viko kwenye droo ya kushoto, vya asubuhi vyeupe, vya jioni vya njano, Kozo ana macho, atasoma. Na Februari ikifika, kama mama bado anaweza kusimama kando ya pipa akasema hapo, chumvi ongeza, piga kwa nguvu, yeye Chizuru ana mikono, ataliinua lile jiwe.

Akafunga kifuniko, akakikaza, akalifunga kopo kwenye kitambaa na fundo juu, akaliweka chini kabisa ya kikapu. "Baba Natsumi," aliita, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyopanga, turubai likageuka. "Sosi nimeiacha nyumbani. Nenda kwa wale vijana wa chuo ukaazime."

Kozo alimtazama. "Umeiacha? Wewe?"

"Mimi."

"Na niende mimi?"

"Nenda wewe. Ukirudi nina jambo la kukwambia, tukae tuongee, usiseme kidogo tu," na Onodera akaanza kusema kitu kuhusu nguruwe akaona uso wake akakiacha, na Kozo akasimama na bia yake, akatafuta mahali pa kuiweka, turubai lilikuwa na mteremko, akaishika tu, akaenda nayo, miguu ya soksi ndani ya makubazi yake, akikanyaga mawe ya mto kwa tahadhari, mtu mzima ambaye pengine hajawahi kuazima chumvi maishani mwake, na Chizuru alimtazama mgongo mpaka akamwonea huruma kidogo. Kisha akatoa simu mfukoni. Hakumpigia Masaki, Masaki atafuata, saa kumi na moja bado iko mbali, alipiga namba ya Sakata, ile ambayo kidole kinaijua bila macho, na ikaanza kuita, na akaiona akilini simu yenyewe ya mama, nyeusi, ya waya, kwenye kijimeza cha ukumbini, na kutoka jikoni mpaka pale ni hatua nane, zilikuwa nane, sasa hivi huenda ni ishirini, na kuna kizingiti. "Chizuru," alisema Tomie, mikono chini ya blanketi, macho mtoni, "umeshatia?" Mchuzi ulikuwa unachemka, mweupe, haujatiwa kitu. "Bado, mama," alisema Chizuru na simu sikioni, na simu ikaendelea kuita, mara ya saba, mara ya nane, naye akaiacha iite, kwa sababu mtu aliyeko upande wa pili alikuwa anatembea.